Jozi za Maneno za Shangazi Veneranda

Jirani yangu wa chini ameletewa udaga, mihogo iliyovundikwa na kukaushwa, kutoka kwao, na ameuanika kwenye gunia barazani. Wapangaji wenzangu wanalalamika kwamba unanuka kama soksi. Mimi juzi nilisimama pale na funguo mkononi mpaka mtoto wa jirani akaniuliza kama nimepotea. Sikuwa nimepotea. Nilikuwa kijijini kwetu Nyamahanga, nina miaka kumi na miwili, nimesimama kando ya kidimbwi tulikolowekea mihogo, maji meusi yenye povu juu, na upande wa pili shangazi yangu Veneranda ameinama, mikono imezama hadi viwiko, anaongea polepole na mtu ambaye mimi simwoni.

Alikuwa mdogo wake baba, wa pekee. Watu wetu asili yao ni Burundi. Babu na bibi walivuka, wakalima Ngara hadi wakazikwa huko, na baba akashuka Biharamulo kutafuta ardhi yenye nafasi. Nyumbani tuliongea Kirundi. Kiswahili tulikivaa pamoja na sare za shule. Bibi alipofariki, shangazi alikuja kuishi nasi, akiwa na begi moja na mkeka. Hakuwa mtu wa maneno mengi katika lugha yoyote. Ukimwamkia shikamoo, marahaba yake ilichelewa, kana kwamba ilikuwa inatoka chumba cha ndani. Lakini alijua Kiingereza. Alikuwa amefika kidato cha tatu. Nilimuuliza mama kwa nini hakumaliza, mama akasema, "Aliacha tu," kwa sauti iliyonifundisha nisiulize tena.

Mdogo wangu wa kiume alipozaliwa, baba, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye kutoa jina, alimgeukia dada yake mbele ya wageni akasema, "Mpe wewe." Shangazi hakufikiri hata kidogo. "Yusto," akasema, kama mtu aliyekuwa na jina hilo mdomoni siku zote. Kuanzia hapo watu wakaacha kumwita mama kwa jina langu mimi kifungua mimba, wakamwita Mama Yusto. Na hapo ndipo nilipoona jambo la kwanza la kutisha. Kila mara mtu alipoita "Mama Yusto!" kutoka barabarani, wanawake wawili waligeuka. Mama aligeuka na kuitika. Shangazi aligeuka, akaduwaa, kisha akarudi kwenye kazi yake. Mama aliona pia. Alidhani wifi yake anamtamani mtoto. Akaanza kumfunga Yusto mgongoni hata alipokuwa amelala usingizi mzito.

Mwalimu wetu wa Kiingereza mwaka ule alikuwa kijana mrefu kutoka Mwanza, mwenye viatu vilivyong'aa hata msimu wa tope. Aliacha kutufundisha neno mojamoja. Alisema maneno hayatembei peke yake.

"Mvua kubwa kwa Kiingereza ni nini?" akauliza.

"Big rain!" tukajibu darasa zima.

"Mvua yenu hiyo imenenepa," akasema, tukacheka. "Mvua ya Waingereza ni nzito. Heavy rain. Na homa yao haiwi kali, inakuwa juu. High fever. Kila neno lina mwenzake. Ukiliozesha kwa mwingine, ndoa haidumu."

Leokadia, niliyekaa naye dawati moja, akanyoosha mkono. "Kwa nini, ticha?"

"Wewe nyumbani unapiga pasi?"

"Ndiyo, ticha."

"Unaipiga kwa fimbo au kwa ngumi?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Leokadia akaficha uso.

"Unapiga pasi, unapiga mswaki, unapiga magoti, na hujawahi kuuliza kosa lao ni nini," mwalimu akasema. "Basi na Kiingereza usikiulize. Kaa nacho tu mpaka ukizoee."

Nilizipenda jozi zile. Nilitembea nazo njiani. Sisi tunakata tamaa, kama mtu anayekata kamba. Wao wanapoteza tumaini, kama mtu aliyepoteza mbuzi na bado anamtafuta. Kilichonishinda kilikuwa sentensi. Kila Ijumaa tulitakiwa kuleta jozi tulizopewa, kila moja ndani ya sentensi yake, na mwalimu alitaka sentensi ya kweli, iliyotoka nyumbani kwa mwanafunzi. Asiyeleta alikula fimbo. Nami nilijua mahali zilipokuwa sentensi.

Chini ya godoro la shangazi kulikuwa na daftari lililofungwa kwa kipande cha kitenge. Nilikuwa nimemwona mara moja akiandika, akalifunga niliposogea. Alhamisi moja alasiri, alipokuwa bondeni, nililichomoa. Upande wa kushoto aliandika jozi, upande wa kulia sentensi, kwa wino wa bluu na mwandiko ulionyooka kama mistari ya karanga. Zilikuwa jozi zilezile za mwalimu na nyingine nyingi. Sikuiba zote. Nilichukua tatu zilizofuatana, zilizokuwa kati ya zile tulizopewa. Heavy rain: mvua nzito iliangusha migomba nyuma ya jiko. Keep quiet: mbwa alikaa kimya kutwa. High fever: Yusto alipata homa ya juu. Hiyo ya tatu ilinifurahisha zaidi, kwa kuwa ilikuwa na jina la mdogo wangu; niliona mwalimu hatakuwa na shaka kwamba imetoka kwetu. Nikarudisha daftari kama lilivyokuwa. Kesho yake mwalimu akanipa tiki tatu nyekundu.

Jumapili, watu wakiwa bado kanisani, mvua ilinyesha nzito. Tuliporudi, migomba mitatu nyuma ya jiko ilikuwa imelala chini.

Nilijiambia mvua ni mvua. Jumanne, mbwa wetu Popi hakubweka. Alipita muuza samaki na baiskeli yake, mtu ambaye Popi alimchukia kama deni la damu, na mbwa hakuinua hata sikio. Alilala mbele ya mlango wa chumba cha shangazi, macho wazi, akitazama pembe ya ukuta ambako hakukuwa na kitu. Mama alimtupia ugali, akauacha mpaka sisimizi wakaubeba. Nimejaribu tangu hapo kuielewa migomba, nikaielewa. Mbwa sijamwelewa hadi leo.

Jumatano Yusto alipata homa.

Nilifungua daftari langu la shule na kuzitazama zile tiki. Zilifuatana vilevile, mvua, mbwa, homa, kama mtu anayeshuka ngazi. Mama alimpeleka mtoto zahanati kwa pikipiki, akarudi na dawa, lakini mwili wa Yusto ulibaki kama jiko la mkaa. Alikuwa na miezi saba. Alikuwa ameacha kulia, na ukimya wake ulinikumbusha mbwa. Shangazi alisimama mlangoni akimtazama, hakuingia. Midomo yake ilikuwa inacheza.

Alipokwenda bondeni, nililichomoa tena lile daftari. Nilitaka kujua baada ya homa kunafuata nini. Nikafunua. Jozi iliyofuata ilikuwa "pass away", na hiyo nilikuwa naijua, mwalimu alishatueleza kwamba ndivyo Waingereza wanavyosema mtu amefariki wakiwa na adabu. Sentensi yake sikuisoma. Niliona tu Y kubwa mwanzoni, nikafunga kama mtu aliyegusa moto.

Hofu ya mtoto inatafuta mtu wa kuibeba. Nilikuwa na hatia yangu, nikijua kwamba mkono wangu ndio uliozinakili zile sentensi zikaamka. Badala ya kusema hivyo, asubuhi ya Alhamisi njiani kwenda shule nilimwambia Leokadia kwamba shangazi ameandika ugonjwa wa Yusto kabla haujatokea. Kwamba ameandika na kifo chake. Kwamba mimi mwenyewe nimesoma. Kwamba mimi ndiye niliyezinakili sentensi hizo, hilo sikulisema.

"Yesu," Leokadia akasema. "Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza."

"Ndiyo maana hawezi kukamatwa," akasema, na niliona macho yake yanang'aa kama ya mtu aliyepewa pipi.

Ijumaa sikwenda shule. Mchana, jua likiwa utosini, walikuja uani kwetu. Alikuwepo mama yake Leokadia, walikuwepo wanawake wanne wa jirani, na mwenyekiti wa kitongoji, mzee mwenye kofia ya sufi ambayo hakuivua hata kwenye joto. Baba alikuwa machimboni, hakuna aliyempata kwa simu. Mama alikaa kizingitini na Yusto mapajani, uso wake umekauka. Daftari lilitolewa chumbani kwa kusukumwa na kuni mbili hadi likaingia kwenye ungo, kwa sababu hakuna aliyetaka kuligusa. Ungo ukawekwa katikati ya ua. Tuliutazama kama unaweza kutambaa.

Shangazi alikuwa ameketi kwenye mkeka wake, anamenya mihogo. Hakuacha. Kisu chake kilikuwa kinakwaruza, kinakwaruza.

"Hiro daftari richomwe," akasema mama yake Leokadia, ambaye ulimi wake ulitembeza r kila mahali. "Richomwe, na yeye aondoke."

"Ngoja kwanza," mwenyekiti akasema. "Veneranda, hili ni lako?"

"Ni langu."

"Limeandikwa nini?"

"Kiingereza," shangazi akasema. "Nilikuwa najisomea."

"Mtu wa umri wako anajisomea nini?" mwanamke mmoja akadakia, na wengine wakaguna.

Mwenyekiti akainua mkono. "Sikilizeni. Mimi sitaki damu kwenye kitongoji changu. Tumeona huko kwingine wanawake wanavyofanywa. Kwa hiyo litasomwa hapa mbele ya watu. Kama ni kisomo cha mtu, tutatawanyika. Kama ni hayo tuliyoambiwa, Veneranda atafunga mzigo na kuondoka kabla jua halijatua, na asionekane tena. Na akikaidi, mimi sitaweza kuwazuia vijana." Akageuka, akanitazama. "Wewe ndiye uliyesoma. Soma tena."

Mama akasema, "Nenda, mwanangu. Soma."

Nikatoka kwenye kivuli cha ukuta. Nilichukua daftari kutoka kwenye ungo kwa mikono mitupu, na wanawake wakavuta pumzi pamoja. Nikasoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Mvua nzito iliangusha migomba nyuma ya jiko. "Mnaona?" mama yake Leokadia akasema. Mbwa alikaa kimya kutwa. Popi alikuwa amelala palepale mlangoni, na watu wote waligeuza shingo kumtazama. Yusto alipata homa ya juu. Mama akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa.

"Endelea," akasema mwenyekiti.

Nikafunua ukurasa. Nilisoma kimya kwanza, nikafuata maneno kwa kidole. Yusto alifariki njiani kwenda hospitali, nikiwa nimembeba mgongoni. Chini yake: kaka yangu alichimba kaburi peke yake. Chini yake: mama alituambia tuitunze siri. Chini yake: alikuwa na umri wa miaka miwili.

Nilisoma mara mbili. Miaka miwili. Yusto wetu alikuwa na miezi saba, yuko pale mapajani, anapumua. Mama aliyewaambia watunze siri alikuwa bibi, na bibi alikuwa kaburini Ngara tangu kabla Yusto hajazaliwa. Kaka yangu alikuwa baba. Migomba ile ilikuwa migomba ya Ngara, na mbwa alikuwa mbwa wa huko. Hakukuwa na kitu kwenye daftari lile ambacho kilikuwa kinakuja. Vyote vilikuwa vimeshapita, na shangazi alikuwa amekaa navyo jozi baada ya jozi, katika lugha ambayo hakuna mtu wa nyumbani angeweza kuisikia.

Kisu kilikuwa kimenyamaza. Niliinua macho, nikakuta ananitazama. Ni mara ya kwanza, nadhani, aliponitazama hasa mimi. Alitikisa kichwa kidogo sana, kushoto na kulia, kisha akasubiri. Nilielewa kwamba ananiomba, na kwamba hatajitetea. Nikisoma kweli, hawatamfukuza. Lakini mama yake Leokadia atajua, na wale wanne watajua, na kesho kisimani watajua wote kwamba alizaa akiwa mwanafunzi, kwamba mtoto alizikwa bila matanga, kwamba kaka yake alificha. Nikinyamaza, atafunga mzigo.

"Inasema nini?" mwenyekiti akauliza. "Hapo naona Yusto. Herufi nazijua."

"Ndiyo, mzee. Inasema Yusto," nikasema. Niliweka kidole kwenye jina. "Inasema Yusto atakua."

"Atakua?"

"Atakua. Hapa mbele inasema atasoma hadi chuo." Nilisogeza kidole kwenye mstari wa kaburi. "Hapa anasema kaka yake atamjengea nyumba." Nikasogeza tena. "Hapa anasema Yusto atatuzika sote, Mungu akipenda."

Kwetu hakuna baraka kubwa kuliko hiyo, mtoto kuwazika wazazi wake. Wanawake waliitikia kabla hawajajua wanaitikia nini. "Amina," mmoja akasema.

"Na ile ya homa?" mama yake Leokadia akang'ang'ana. "Homa umesoma sasa hivi!"

"Nilikosea. Inasema Mungu amwepushe na homa. Maneno yao yanakaa pamoja, mama, mtu akiyatenga yanageuka. Mimi bado najifunza." Nilianza kulia, na machozi yalikuwa ya kweli. "Nilimdanganya Leokadia. Nilitaka anione najua Kiingereza."

 Kisha mwenyekiti akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyetua gunia.

"Dua!" akasema. "Mmenitoa shambani kwa ajili ya dua ya Kiingereza! Mama Leokadia, uliza kwanza siku nyingine, bibi wewe."

"Mimi niriambiwa tu," akanung'unika.

Walitawanyika wakicheka, lakini si kicheko cha kunisamehe. Mama alimlaza Yusto mkekani, akakata fimbo ya mpera, akanichapa mbele ya wifi yake mpaka shangazi mwenyewe akaja kuushika mkono wake. "Inatosha, Mama Yusto," akasema. Mama akaanguka begani mwake akalia. Jioni hiyo Yusto alitoka jasho, homa ikashuka. Dawa za zahanati zilikuwa zimefika siku yake ya tatu, leo naweza kusema hivyo. Siku ile niliona sentensi zangu za uongo zimemshika mkono.

Kwa miaka niliyobaki kijijini nilijulikana kama mtoto mwongo. Leokadia alihama dawati. Mwalimu alipopata habari aliniambia mbele ya darasa kwamba kipaji changu kitanipeleka pabaya. Mama, kila nikisema jambo, aliuliza, "Hilo umeliona au umelitafsiri?"  

Wiki mbili baada ya siku ile, shangazi aliniita nimsaidie kupura maharage kwenye shamba la mbali, wawili tu. Kulikuwa na ukungu wa asubuhi usiotaka kuondoka, na tulipiga maganda kwa zamu bila kuonana vizuri. Kisha akaketi. Akatoa daftari kiunoni, ndani ya kitenge chake.

"Ulikosea tafsiri," akasema.

"Najua, shangazi."

"Zote nne."

"Najua."

"Nisomee vizuri."

Nikamsomea. Safari hii nilisoma kila neno mahali pake, mgongo, njia, kaburi, siri, miaka miwili. Alisikiliza akiwa amefumba macho, na kila nilipomaliza mstari alisema "ndiyo," kama mtu anayejibu anapoitwa. Nadhani hakuwa amewahi kuyasikia yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine. Nyuma yetu, ndani ya ukungu, mabua makavu yalikuwa yanavunjika taratibu, moja baada ya jingine, kama mtoto mdogo anatembea juu yake. Sikugeuka. Naye hakugeuka.

Jozi ya mwisho kwenye daftari haikuwa na sentensi. Say goodbye, aliandika, na mbele yake nafasi tupu.

"Hiyo imenishinda," shangazi akasema. "Maneno nayajua. Kila mwaka najaribu."

Akanipa kalamu. Nilikaa nayo muda mrefu, mabua yakiendelea kuvunjika, karibu zaidi sasa. Mwishowe niliandika sentensi fupi yenye jina la binamu yangu ambaye sikuwahi kumwona, nikampa. Aliisoma kwa sauti kwa Kiingereza, mara moja. Akaisoma kwa Kiswahili. Kisha akageukia kwenye ukungu, akaisema kwa Kirundi, taratibu, jinsi mtu anavyomsemesha mtoto wa miaka miwili, na akanyamaza kumpa nafasi ya kujibu.